Mashine ya presha yaweza kukupotosha hata kompyuta ikiisifu

WATU wengi wa mijini siku hizi hujipima presha wenyewe nyumbani. Mashine ndogo ya kufunga mkononi yapatikana katika maduka ya dawa na supamaketi, nayo hutoa jibu kwa muda wa kama dakika moja bila ya kuhitaji muuguzi wala kile kifaa cha kusikilizia mapigo.

Taabu huanza pale tarakimu za nyumbani zinapopishana na za hospitali. Chukua mfano wa mama ambaye asubuhi mashine yake inamwonyesha 143, na alasiri kliniki inampa 130. Je, aanze kumeza tembe za presha, ambazo huenda akazimeza maisha yake yote, au asianze?

Muuzaji wa mashine naye huwa na jibu tayari. Atasema kwamba mashine hiyo ililinganishwa na ile ya daktari na uhusiano wa vipimo vyake ukapatikana kuwa 0.99. Mnunuzi akisikia 0.99 hudhani ameambiwa kwamba mashine ni sahihi kwa asilimia 99. Sivyo hata kidogo.

Juma hili tutaeleza tarakimu hiyo hutoka wapi, jinsi ya kuikokotoa kwa kalamu na kwa kompyuta, na ni mambo gani ambayo haiwezi kukuambia. Somo hili litawafaa pia wanafunzi wa vyuo vya uuguzi na udaktari, ambao wengi wao hukwama papo hapo wanapoandika ripoti za utafiti.

Herufi moja tu

Wataalamu wa takwimu hukiita kipimo hiki kwa herufi moja, r. Kazi yake ni kupima kama vitu viwili vinakwenda pamoja, na kwa ukaribu gani.

Mtoto akiongezeka urefu, kwa kawaida huongezeka uzani pia. Vitu hivyo viwili hupanda pamoja, kwa hivyo r yake ni chanya. Ukisafiri kutoka Mombasa hadi Limuru, kadiri unavyopanda mlima ndivyo joto linavyopungua. Hapo kimoja hupanda na kingine hushuka, na r huwa hasi.

Kipimo hiki hakiwezi kuzidi 1 wala kushuka chini ya hasi 1. Ikiwa ni 1 kamili, nukta zote ukizichora kwenye grafu hukaa juu ya mstari ulionyooka unaopanda. Ikiwa ni hasi 1, mstari huo hushuka. Ikiwa ni sufuri, hakuna mstari wowote ulionyooka unaoweza kukusaidia kukisia kimoja kwa kutazama kingine.

Mwingereza Francis Galton ndiye aliyeleta wazo hili mwaka wa 1888, alipokuwa akipima miili ya watu. Aliona kwamba urefu wa mtu na urefu wa mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole hukwenda pamoja kwa kiwango cha 0.8 hivi. Mwenzake Karl Pearson, wa chuo kikuu cha University College mjini London, alitoa mwaka wa 1896 njia ya kukokotoa tunayoitumia hadi leo. Ndiyo maana kompyuta nyingi huliandika jina la Pearson kando ya jibu.

Tukokotoe kwa kalamu kwanza

Ninapendelea mtu aifanye hesabu hii mara moja kwa mkono kabla ya kugusa kompyuta. Asiyewahi kuifanya kwa mkono huliamini jibu lolote atakalopewa na mashine, hata likiwa la ajabu.

Tutumie mfano tulioutunga kwa ajili ya somo hili. Watu sita wamepimwa presha mara mbili, kwanza kwa mashine ya kliniki na kisha kwa mashine ya nyumbani, wakiwa wamekaa kiti kile kile. Tutatumia tarakimu ya juu peke yake, yaani ile inayoonyesha shinikizo moyo unapousukuma damu.

Mashine ya kliniki ilitoa 110, 120, 130, 140, 150 na 160.

Mashine ya nyumbani, kwa watu wale wale na kwa mpangilio ule ule, ilitoa 124, 137, 143, 157, 164 na 175.

Hatua ya kwanza ni kutafuta wastani. Ukijumlisha zile za kliniki utapata 810. Gawanya kwa 6 upate 135. Zile za nyumbani jumla yake ni 900, na wastani wake ni 150.

Hatua ya pili, toa wastani kutoka kwa kila kipimo ili uone kila mtu yuko umbali gani na wastani wa kundi lake. Kwa kliniki utapata hasi 25, hasi 15, hasi 5, 5, 15 na 25. Kwa nyumbani utapata hasi 26, hasi 13, hasi 7, 7, 14 na 25. Ukizijumlisha tofauti za kila upande ni lazima upate sufuri. Usipopata, rudi nyuma, kwani umekosea mahali.

Hatua ya tatu, zidisha tofauti za kila mtu. Mtu wa kwanza ana hasi 25 na hasi 26. Hasi mara hasi huwa chanya, kwa hivyo ni 650. Wa pili ni 195, wa tatu 35, wa nne 35, wa tano 210 na wa sita 625. Jumla ni 1,750.

Hapa ndipo penye kiini cha hesabu yote. Mtu aliye chini ya wastani katika mashine zote mbili huongeza jumla hiyo. Aliye juu katika zote mbili pia huiongeza. Lakini mtu aliye juu katika moja na chini katika nyingine huipunguza. Kwa hivyo jumla kubwa ni dalili kwamba mashine zinawapanga watu kwa namna moja.

Hatua ya nne, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, kila mashine peke yake, kisha ujumlishe. Kwa kliniki utapata 625, 225, 25, 25, 225 na 625, jumla 1,750. Kwa nyumbani ni 676, 169, 49, 49, 196 na 625, jumla 1,764.

Hatua ya mwisho, zidisha jumla hizo mbili, 1,750 kwa 1,764, utafute kipeuo cha pili cha jibu, ambacho ni karibu 1,757. Sasa chukua ile 1,750 ya hatua ya tatu uigawanye kwa 1,757. Jibu ni 0.996.

Huo ni uhusiano wa hali ya juu mno. Ni watafiti wachache sana wa mambo ya afya ambao huwahi kuuona. Hata hivyo, msomaji, zitazame tena zile tarakimu sita za kila upande kabla hatujaendelea. Kuna jambo ambalo 0.996 haikulisema.

Kompyuta yaifanya kufumba na kufumbua

Watu sita si kazi. Lakini ukiwa na wagonjwa 300, kalamu itakuchosha, na hapo ndipo programu zinapofaa.

Iliyo rahisi kupata ni programu ya majedwali kama Excel, au LibreOffice ambayo hutolewa bure. Andika vichwa vya habari katika mstari wa kwanza, kisha vipimo vya kliniki katika safu ya A kuanzia mstari wa 2 hadi wa 7, na vya nyumbani katika safu ya B. Nenda kwenye kisanduku chochote kitupu uandike:

=CORREL(A2:A7,B2:B7)

Bonyeza ufunguo wa kuingiza, na jibu lile lile la 0.996 litatokea. Katika kompyuta zingine zilizopangwa kwa desturi za Ulaya, badala ya koma katikati hutakiwa nukta-mkato. Ukikataliwa, jaribu hiyo.

Watafiti wengi wa siku hizi hutumia programu iitwayo R, ambayo ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990. Ni ya bure kabisa, nayo hutumika katika vyuo vikuu kote duniani. Katika R utaandika mistari hii:

kliniki <- c(110, 120, 130, 140, 150, 160)

nyumbani <- c(124, 137, 143, 157, 164, 175)

cor(kliniki, nyumbani)

Itakujibu 0.9960238. Usiinakili tarakimu zote hizo katika ripoti yako. Mbili au tatu baada ya nukta zatosha, na anayeandika saba haonyeshi umakini bali huonyesha kwamba amenakili tu.

Wenye SPSS, ambayo ni ya kulipiwa na hupatikana katika vyuo vingi, huingia katika menyu ya Analyze, kisha Correlate, kisha Bivariate. Wakishachagua safu zao mbili na kukubali, hupata jedwali lenye r, idadi ya watu, na tarakimu nyingine iliyoandikwa Sig. Kando ya r huenda pakawa na nyota moja au mbili. Nyota hizo huwafurahisha sana wanafunzi, na tutazirudia baadaye.

Makosa yatokeayo mezani

Kompyuta haina habari kwamba tarakimu zako ni za watu. Ukiipa takataka itaikokotoa kwa heshima zote.

Kosa baya kuliko yote ni kupanga safu moja kuanzia ndogo hadi kubwa huku safu ya pili ikibaki vile ilivyokuwa. Kipimo cha mtu mmoja huhamia kwa mwingine, na uhusiano wote huvunjika. Wala hakuna king'ora kitakacholia. Njia salama ni kumpa kila mgonjwa nambari yake katika safu ya kwanza, na kupanga jedwali zima kwa pamoja.

La pili ni kuandika sufuri mahali ambapo kipimo hakikupatikana. Excel huruka kisanduku kilicho kitupu, lakini sufuri huihesabu kuwa presha ya mtu, kana kwamba moyo wake umesimama. Wengine huandika 999 kumaanisha kwamba mgonjwa hakuja, kisha wakasahau kuiambia programu. Mgonjwa mmoja mwenye presha ya 999 atosha kuharibu kazi ya mwaka mzima.

R ina tabia tofauti. Ukiiachia pengo, ambalo huandikwa NA, hukataa kujibu mpaka uiambie kwa maneno kwamba itumie tu watu waliokamilika:

cor(kliniki, nyumbani, use = "complete.obs")

Ukaidi huo una faida, maana hukulazimisha kuuliza ni nani waliokosekana na kwa nini.

La tatu huwapata sana wanaochunguza presha. Wao huandika 120/80 katika kisanduku kimoja, vile ilivyo katika kadi ya kliniki. Kompyuta huyaona hayo kuwa maneno, si tarakimu, na huyaruka. Andika tarakimu ya juu katika safu yake na ya chini katika safu yake.

Tazama picha kabla ya kuamini

Mwaka wa 1973 mtaalamu wa takwimu Frank Anscombe alitunga majedwali manne ya tarakimu ambayo yote yana r ya 0.816 hivi. Ukiyakokotoa tu, utadhani ni kitu kimoja. Ukiyachora, la kwanza ni nukta zilizotawanyika kando ya mstari, la pili ni upinde, la tatu ni mstari kamili wenye nukta moja iliyotoroka, na la nne ni nukta zilizopangwa wima na moja tu iliyo mbali ndiyo inayouvuta mstari.

Hilo halikuwa mchezo wa darasani tu. Twaweza kuliona katika moja ya tafiti kubwa zilizowahi kufanywa kuhusu chumvi na presha, na Kenya ilikuwa ndani yake.

Utafiti huo uliitwa Intersalt, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, mwaka wa 1988. Watu 10,079 wenye umri wa kati ya miaka 20 na 59 walipimwa presha katika vituo 52 vya nchi 32, na wakakusanya mkojo wao wa saa 24 ili ijulikane ni chumvi kiasi gani iliyokuwa ikipita mwilini mwao.

Tofauti zilikuwa za kustaajabisha. Wayanomamo wa misitu ya Brazil walitoa karibu hakuna chumvi kabisa. Watu wa Tianjin, kaskazini mwa China, walitoa kiasi cha kama gramu 14 za chumvi kwa siku.

Vituo vyote 52 vilipowekwa pamoja, palionekana uhusiano kati ya chumvi na presha: penye chumvi nyingi, presha ya kati ya kundi ilikuwa juu zaidi. Lakini vinne kati ya vituo hivyo vilikuwa mbali na vingine vyote. Hivyo ni viwili vya Wahindi wa Brazil, kimoja cha Papua New Guinea, na kimoja cha Kenya. Humo chumvi ilikuwa kidogo na presha ilikuwa chini.

Vituo hivyo vinne vilipoondolewa, uhusiano kati ya chumvi na presha ya kati ya kundi haukuonekana tena katika vile 48 vilivyobaki. Nukta nne ndizo zilizokuwa zimeubeba mstari.

Watengenezaji wa chumvi walilipigia kelele jambo hilo kwa miaka. Lakini kulikuwa na matokeo mengine ambayo hayakutetereka. Katika vile vituo 48, bado ilionekana kwamba penye chumvi nyingi presha hupanda kwa kasi zaidi kadiri watu wanavyozeeka. Na walipotazamwa watu mmoja mmoja ndani ya vituo, badala ya vituo kwa vituo, uhusiano ulionekana pia.

Fundisho kwa anayekokotoa ni kwamba aseme wazi ni nukta zipi zinazoubeba mstari wake. Si lazima azitupe. Wale Wakenya na Wayanomamo ni watu halali kama wengine, na huenda wao ndio waliobeba habari muhimu kuliko zote. Lakini msomaji wa ripoti ana haki ya kuona hesabu ikiwa pamoja nao na bila wao.

Katika R picha hupatikana kwa kuandika plot(kliniki, nyumbani). Katika Excel, weka grafu ya nukta zilizotawanyika, si ya mistari wala ya mihimili. Ukiona nukta zako zimejipinda, r haifai. Fikiria uzani wa mtoto anapozaliwa na hatari ya kufa. Hatari ni kubwa sana kwa walio wadogo mno, hushuka kwa wa kawaida, kisha hupanda tena kwa walio wakubwa mno. Uhusiano upo, tena mzito, lakini r yaweza kuonyesha kidogo kwa sababu mstari ulionyooka hauwezi kuufuata.

Nukta zikiwa zinapanda siku zote lakini bila ya kunyooka, au pakiwa na moja au mbili zilizo mbali sana, jaribu njia ya Spearman, ambayo hutumia nafasi ya mtu katika foleni badala ya kipimo chenyewe. Katika R huongezwa method = "spearman" ndani ya mabano.

Sasa turudi kwa zile nyota

Nyota na ile Sig. hujibu swali moja tu: kama vitu hivi viwili kwa kweli havihusiani, je, ni rahisi kupata r kubwa namna hii kwa bahati nasibu? Haziambii kama uhusiano ni mkubwa wala kama una maana kwa mgonjwa.

Ukiwa na watu 10, r haina budi kupita 0.63 ndipo ipate nyota kwa kile kiwango cha kawaida cha asilimia 5. Ukiwa na 30 yatosha 0.36. Ukiwa na 100, hata 0.2 hupata nyota yake. Kwa watu maelfu, uhusiano hafifu usio na faida kwa yeyote utajaa nyota kama anga ya Turkana.

Ili kujua uzito wa r, izidishe kwa yenyewe. Uhusiano wa 0.2 huwa 0.04, maana yake asilimia 4 tu ya tofauti zilizopo kati ya watu ndiyo inayokwenda na kile unachokichunguza. Asilimia 96 hutokana na mengine.

Je, kimoja ndicho kilicholeta kingine?

Mwaka wa 2012 daktari Franz Messerli alichapisha katika New England Journal of Medicine makala fupi ya kuchekesha kidogo. Alilinganisha ulaji wa chokoleti katika nchi 23 na idadi ya washindi wa tuzo ya Nobel kwa kila watu milioni kumi. Alipata r ya 0.791. Hakuna mwenye akili timamu atakayempa mwanawe chokoleti ili ashinde Nobel. Nchi tajiri hununua chokoleti na pia hujenga maabara; utajiri ndio ulio nyuma ya vyote viwili.

Kwa chumvi, jibu halikutoka katika r bali katika majaribio, ambapo watu hupewa vyakula vyenye chumvi ya viwango tofauti na presha zao kufuatwa. Jaribio la DASH-Sodium la Marekani, lililochapishwa mwaka wa 2001 na lenye watu 412, lilionyesha kwamba chumvi ikipunguzwa presha hushuka. Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichika katika mkate, supu za pakiti na vyakula vya kukaanga vya barabarani.

Hata hivyo, kuwafuata watu kwa muda huongeza nguvu za ushahidi. Neil Poulter na wenzake waliwafuata Waluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo yao ya mwaka wa 1990 yalionyesha kwamba presha ya waliohama ilikuwa juu mapema baada ya kufika jijini, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi. Potasiamu hupatikana katika mboga, maharagwe, ndizi na viazi vitamu, vyakula ambavyo wengi huviacha kituo cha basi wanapoingia mjini.

Ile ambayo 0.996 haikusema

Turudi kwenye zile tarakimu zetu sita. Toa kipimo cha kliniki kutoka kwa cha nyumbani, mtu kwa mtu. Utapata 14, 17, 13, 17, 14 na 15. Wastani wake ni 15.

Mashine ya nyumbani humwongezea kila mtu karibu milimita 15 za zebaki. Yule wa tatu, ambaye kliniki ilimpata na 130, nyumbani anaonyeshwa 143. Ndiye mama yetu wa pale mwanzo. Tena madaktari hutumia mpaka wa chini kidogo kwa vipimo vya nyumbani, 135 kwa 85 badala ya 140 kwa 90. Kwa mpaka huo hata mtu wa pili, mwenye 120 ya kliniki na 137 ya nyumbani, angehesabiwa kuwa mgonjwa.

Kwa nini r haikulalamika? Kwa sababu katika hatua ya pili tulitoa wastani wa kila mashine. Kosa la 15 lilitupwa nje pamoja na wastani huo. Ukitaka kuhakikisha, punguza 30 kutoka kwa kila kipimo cha nyumbani. Sasa mashine inampunguzia kila mtu karibu 15, na yule mwenye 150 anaambiwa ana 134. Kokotoa r tena: ni 0.996 ile ile. Huyo wa pili ndiye aliye katika hatari zaidi, maana atalala usingizi mnono huku presha ikiharibu figo na mishipa ya ubongo.

Waingereza Martin Bland na Douglas Altman walilieleza jambo hili katika jarida la Lancet mwaka wa 1986. Walilinganisha vifaa viwili vya kupima kasi ya pumzi na wakapata r ya 0.94. Lakini walipotazama tofauti za mtu mmoja mmoja, waliona kwamba vifaa hivyo vingeweza kupishana kwa karibu lita 80 kwa dakika kwa mgonjwa yule yule. Hakuna daktari ambaye angekubali kubadilisha kimoja kwa kingine.

Walichopendekeza ni rahisi kuliko r. Tafuta tofauti ya kila mtu, wastani wa tofauti hizo, na jinsi zinavyotawanyika. Katika R ni mean(nyumbani - kliniki) kwa wastani na sd(nyumbani - kliniki) kwa mtawanyiko. Kwa mfano wetu ni 15 na 1.67. Zidisha 1.67 kwa 2, kisha ujumlishe na kutoa kutoka kwa 15. Tofauti nyingi zitakuwa kati ya 12 na 18. Mwanafunzi anayelinganisha vifaa viwili na kuleta r peke yake anafaa kurudishiwa kazi yake.

Ukitaka kuichunguza mashine yako

Huna haja ya kompyuta. Siku ya kliniki ibebe mashine yako. Mwombe muuguzi akupime kwa yake na wewe ujipime kwa yako, kwa kupokezana, mkono ule ule, ukipumzika dakika moja au mbili katikati, mara tatu kila moja. Andika zote uzilinganishe hapo hapo. Usilinganishe cha nyumbani asubuhi na cha kliniki alasiri, kwani presha hubadilika kwa saa, na watu wengi huipandisha kwa kumwona tu mtu mwenye koti jeupe.

Kabla ya kupima kaa kitako dakika tano, mgongo ukiegemea, miguu yote miwili sakafuni na mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, na usizungumze. Hakikisha mkanda unakutosha. Mkanda mdogo kwa mkono mnene huongeza tarakimu, na huenda hilo ndilo kosa lote la mashine yako.

Ukikuta zinapishana kwa milimita 10 au zaidi kila mara, mwonyeshe daktari karatasi yako yenye vipimo vyote sita. Wakati huo usiache tembe ulizokwisha kuandikiwa wala usizianze kwa sababu ya ulichokiona kwenye mashine ya nyumbani. Lakini ukipata 180 kwa 120 au zaidi, pumzika dakika chache upime tena. Ikibaki hapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ikiwa ina maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, kuona kiwi au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, usingoje kupima mara ya pili.